Attracta Mulvey: Miaka Thelathini Jikoni kwa Watu

Ijumaa hii, tarehe 27 Juni 2025, saa nane mchana, Attracta Mulvey atarudisha ufunguo wa kabati, koti la mvua la shirika na kile kitambulisho chenye picha asiyoipenda, kisha atakuwa amestaafu rasmi. Amelitumikia Shirika la Huduma za Majumbani la Drumcashla kwa miaka thelathini na miezi tisa, tangu Jumatatu ya tarehe 5 Septemba 1994. Nimepekua ratiba zote za zamani: wazee mia mbili na kumi na saba wamepita mikononi mwake, akiwaogesha, akiwavisha, akiwapa dawa na kuwasikiliza. Magari manne yamemfia barabarani. Mbwa aliyewahi kumng'ata ni mmoja tu, na kwa maelezo ya Attracta mwenyewe, mbwa huyo alikuwa na sababu.

Nimeombwa niandike wasifu huu kwa kuwa nimekuwa mratibu wa zamu tangu mwaka 2006. Maana yake ni kwamba mimi ndiye niliyemkaripia kuliko mtu mwingine yeyote katika jengo hili. Sitalificha hilo, kwa sababu bila hilo hadithi yake haikamiliki.

Mtu asidhani Attracta alikuja kwetu akiwa fundi wa mikate. Kiwanda cha mashati alichokuwa akishonea kilifungwa mapema mwaka ule wa 1994, naye alikuwa na watoto watatu na mume mwenye mgongo mbovu. Kwenye fomu ya maombi, palipoulizwa ujuzi, aliandika maneno mawili: najua kupika. Alichokuwa anajua ni kuchemsha viazi. Nyumbani kwao mkate ulikuwa kazi ya dada zake wakubwa; yeye alitumwa kwa ng'ombe.

Nyumba ya kwanza aliyopangiwa ilikuwa ya Philomena Kilrane, bibi wa miaka themanini na minane, kipofu, aliyeishi peke yake kilimani nyuma ya kanisa. Asubuhi ya kwanza tu bibi akataka mkate. Attracta akatia bakulini unga wa ngano usiokobolewa, unga mweupe kidogo, chumvi, magadi soda na mtindi, akaanza kuukanda kwa nguvu zake zote, kama alivyowahi kuona watu wakikanda unga wa hamira. Bibi alikuwa ameketi dirishani. Hakuona kitu, lakini masikio yalikuwa mazima.

"Wewe, unampiga nani huko?"

"Nakanda mkate, Bi Kilrane."

"Mkate huu haukandwi! Unaugusa tu, kama unavyomgusa mtoto aliyelala. Ukishakusanyika, unauacha."

"Nimeshaukanda."

"Basi tuoke tofali. Mlango wa banda la kuku unataka kitu cha kuuzuia."

Waliuoka, na tofali lile lilizuia mlango wa kuku hadi Krismasi. Kesho yake bibi akamwita karibu, akamshika kiganja, akakizamisha bakulini. Vidole vifunguke na kukakamaa. Mtindi umiminwe wote kwa mara moja. Mkono uzunguke kutoka katikati kwenda nje, mara chache, basi. Magadi yachekechwe vizuri, maana donge moja tu likibaki linaacha doa la kijani lenye uchungu. Na mtindi ukishakutana na magadi usisimame kupiga soga, kimbilia oveni. Msalaba juu ukatwe kwa kisu, uende chini hasa. Ukiiva, unaupindua na kuugonga tumboni, na unatakiwa ujibu kama ngoma.

Ilichukua miezi minane. Siku moja mwezi Mei bibi aliupindua mwenyewe, akaugonga, akatega sikio, kisha akasema, "Haya. Sasa umeajiriwa."

Kuanzia hapo gari la Attracta, lolote lililokuwa hai wakati huo, likawa na mfuko wa unga nyuma na chupa ya mtindi iliyovikwa gazeti. Aligundua kwamba kila nyumba ya kaunti yetu ya Leitrim ina sheria yake. Kuna nyumba wanatia yai, na kuna nyumba ambako yai ni kufuru. Kuna wanaotia molasi kijiko kimoja, na wanaosema molasi ni ya farasi. Hakubishana na yeyote. Alioka sheria ya nyumba aliyokuwemo, na aliyoyasikia humo hakuyapeleka nyumba ya pili. Katika mji wetu hiyo peke yake ingestahili medali.

Kwa upande wa makaratasi, hebu tuseme ukweli. Mwandiko wake husomwa na yeye na Mungu, na nyakati zingine Mungu peke yake. Simu yake huita hadi ikachoka. Mara mbili aliegesha gari mbele ya lango la padri asubuhi ya mazishi.

Sasa nifike kwa Malachy Wrynne.

Ilikuwa mwaka 2013. Malachy alikuwa na miaka themanini na moja, mfugaji wa ng'ombe, mtu ambaye enzi zake aliwahi kuvuka mto uliofurika akiwa na ndama mabegani. Mkewe Concepta alifariki Januari mwaka huo, baada ya ndoa ya miaka hamsini na miwili. Binti yao wa pekee, Sorcha, ni mwalimu huko Perth, Australia. Alikuja mazikoni, akakaa wiki mbili, akalazimika kurudi. Attracta alipoanza kwenda pale mwezi Machi, suruali ya mzee ilikuwa inashikiliwa kiunoni kwa kamba ya kufungia majani ya ng'ombe. Madaktari walimpima hawakuona ugonjwa. Alikuwa hali chakula, basi.

Attracta alijaribu supu, akajaribu mayai. Alimpelekea mkate wa dukani uliokatwa vipande tayari, mzee akaubonyeza kwa kidole.

"Hiki kitu ni sponji," akasema. "Kaoshee gari."

"Unataka nini, Malachy?"

"Sitaki kitu. Nilikuwa nakula mkate wa Concepta. Haupo."

Attracta akamwokea. Akala kipande kimoja, akasukuma sahani. "Sio wake." Siku ya pili akapunguza unga mweupe. Sio wake. Siku ya tatu akaongeza pumba. Sio wake. Wiki ikaisha. Shirika lilimpa nusu saa kwa kila nyumba, na mkate huu unataka dakika tano za mkono na dakika arobaini na tano za oveni. Kwa hiyo aliuingiza anapofika, akamwogesha mzee unapoiva, na bado alichelewa kuondoka. Ijumaa alivua aproni, akaketi mbele yake.

"Malachy, macho unayo?"

"Ninayo."

"Miaka hamsini na miwili umekaa kona hiyo ukimtazama akioka. Mimi sikumwona hata siku moja. Kati yetu wawili, nani anaujua mkate wa Concepta?"

"Msichana, mimi sijagusa unga tangu nizaliwe."

"Nani amesema uguse? Sema tu, nitagusa mimi."

Akaanza kusema. Mwanzo neno moja moja, kama mtu anayeng'olewa jino. Unga alichota kwa kiganja, sio kikombe. Mtindi alikuwa anauacha karibu na jiko tangu jana yake. Halafu akaanza kukasirika. "Sio hivyo! Alianzia pembeni. Pembeni, mwanamke! Unachimba kisima?" Mwishowe akashikilia meza, akasimama, akamwambia, "Hebu nipishe."

Attracta ameniambia mara moja tu kuhusu dakika ile, na hapendi kuirudia. Anasema aliitazama mikono iliyokuwa imezalisha ng'ombe kwa miaka sitini ikipapasa unga bakulini kwa mara ya kwanza, akageuka kuosha kikombe kisafi ili mzee asiuone uso wake.

Mkate ulipotoka wakaungoja upoe. Wakaupaka siagi. Malachy alitafuna muda mrefu.

"Sio wake," akasema.

Akasogeza sahani mbele.

"Nikatie kingine."

Tangu siku hiyo alikula. Kila asubuhi walioka, na kila asubuhi haukuwa wa Concepta, na kila asubuhi akala. Kamba ikatoka kiunoni. Mwezi wa Mei alimwambia Attracta kwamba aondoe mikono, anamkera.

Huku ofisini, simu zilikuwa zinalia. Nusu saa ya Malachy ilikuwa imekuwa saa moja na robo, na wazee wengine waliokuwa wanamngoja Attracta walikuwa bado na nguo za kulalia. Familia moja ililalamika kwa maandishi, nayo ilikuwa na haki. Nikamwita.

"Attracta," nikamwambia, "kazi yako kwa Malachy Wrynne ni kumwogesha, sio kumfungulia chuo."

"Nimwogeshe awe maiti safi?"

Sikuwa na jibu, na mtu asiye na jibu huandika barua. Niliandika onyo rasmi, nikalitia saini: Dervla Heslin, Mratibu. Attracta alilikunja mara nne, akalitia mfukoni, akauliza kama ratiba ya kesho imebadilika.

Wiki mbili baadaye likatokea lile nililokuwa naliogopa. Jumapili, hakuna mtu wa zamu, Malachy alioka peke yake. Mkate ulikuwa mzuri. Akautoa kwa kitambaa kilicholowa maji, mvuke ukampanda kiganjani, akaungua mkono wa kulia vibaya. Jirani alimkuta ameketi sakafuni, chombo cha kuokea kimeanguka kando, akampeleka hospitali. Ripoti iliyofuata ilisema mzee hawezi tena kuishi peke yake. Kitanda kikapatikana katika nyumba ya wazee, kuanzia Jumatatu ya tarehe 8 Julai. Sorcha akapanda ndege. Attracta akasimamishwa kazi hadi kikao.

Kikao kilifanyika Jumatano ya tarehe 3 Julai, jikoni kwa Malachy mwenyewe, kwa sababu alikataa kwenda kwingine. Tulikuwa wanne: Malachy, Sorcha, Attracta na mimi na fomu zangu. Nilimwonya Attracta mlangoni akae, asiguse kitu, ajibu akiulizwa.

Sorcha hakungoja chai.

"Wewe ndiye uliyemwachia baba yangu oveni aichezee?"

"Ndiyo, mimi."

"Hukumwambia kwamba kitambaa kibichi hakishiki chuma cha moto?"

"Sikumwambia," Attracta akasema. "Nilimwelekeza kila kitu isipokuwa kuutoa, kwa sababu kuutoa nilikuwa nautoa mimi. Hilo ni kosa langu, na nikilala naliona."

Nadhani Sorcha alikuwa amejiandaa kwa visingizio. Nikaanza kusoma fomu kwa sauti. Swali la saba liliuliza kama mteja anaweza kujiandalia chakula. Jibu la mwezi wa pili lilikuwa Hapana, kwa mwandiko wangu.

Malachy alikuwa amekaa kama watu wanauza ng'ombe wasio wake. Aliposikia lile Hapana akainuka.

"Baba, kaa."

"Nimekaa wiki tatu, Sorcha."

Akashusha bakuli. Mkono wa kulia ulikuwa na bandeji hadi kwenye kifundo, kwa hiyo alitumia wa kushoto. Unga ukamwagika mezani, ukamwagika kwenye viatu vyake. Hakuna aliyemsaidia. Akatia chumvi. Akafanya shimo katikati. Akaunyanyua mtungi wa mtindi.

Mimi mkate nanunua, sikuwa na habari. Lakini niligeuka nikamwona Attracta. Alikuwa amekalia mikono yake yote miwili, kweli kabisa, midomo ameibana, uso mwekundu kama bitiruti. Macho yake yalikuwa kwenye kikopo cha magadi, kilichokuwa mezani, kimefungwa, hakijaguswa. Bila magadi hakuna mkate, kuna matope ya moto. Na kama angefungua mdomo, jibu la swali la saba lingebaki palepale. Mtungi ukaanza kuinama.

"Baba! Magadi!"

Aliyepiga kelele ni Sorcha. Alikuwa amesimama, kiti kimeanguka nyuma yake.

Mtungi ukasimama hewani. Malachy akamtazama binti yake.

"Kumbe unajua."

"Nilikuwa nasimama juu ya stuli hapo hapo, baba. Kumpa mama kikopo ndiyo ilikuwa kazi yangu."

"Basi nipe."

Akampa. Aliposogea karibu aliona ule mkono wa kushoto unavyotetemeka, akaweka kiganja chake chini ya bakuli kulishikilia, na hakukiondoa tena hadi mkate ulipoingia ovenini. Walibishana kidogo kuhusu msalaba. Kisha tukakaa dakika arobaini na tano, watu wanne na harufu ile, na Sorcha akamuuliza Attracta, kwa sauti nyingine kabisa, mama alikuwa anauacha mtindi karibu na jiko kwa muda gani, na Attracta akasema, "Muulize yeye. Mimi niliyajua haya kutoka kwake."

Ulipotoka, Sorcha aliutoa kwa kitambaa kikavu, akikishika juu ili baba yake aone. Akaonja.

"Sio wa mama," akasema, machozi yakimtoka.

"Sio wake," baba yake akakubali. "Lakini sio mbaya."

Wakala vipande vitatu kila mmoja. Mimi nilikula viwili, na ndipo nikakumbuka fomu. Nilikata lile Hapana kwa mstari, nikaandika juu yake: Ndiyo, akikumbushwa magadi.

Kitanda akapewa mwingine aliyekihitaji. Sorcha akabaki hadi mwisho wa Agosti, akanunua glovu ndefu za oveni zinazofika kwenye kiwiko, akabandika karatasi ukutani yenye neno moja kwa herufi kubwa: MAGADI. Aliporudi Perth, kila Jumamosi saa nne asubuhi ya kwetu simu ililia jikoni kwa Malachy. Kule kwake ilikuwa jioni. Baba na mwana walioka kwa wakati mmoja, kila mtu kwake, wakitukanana kwenye kipaza sauti kuhusu wingi wa mtindi. Malachy aliishi nyumbani kwake miaka minne na miezi miwili zaidi. Alifariki kitandani mwake Septemba 2017, na Attracta ndiye aliyempigia Sorcha simu.

Kuhusu onyo langu: baada ya kikao nilimwomba mkurugenzi aniruhusu niliondoe kwenye faili. Alikubali. Attracta ndiye aliyekataa. "Liache," akaniambia. "Wale waliokuwa wananingoja na nguo za kulalia walikuwa na haki yao. Unachotakiwa kubadilisha ni ratiba." Nilikasirika siku mbili, kisha nikabadilisha ratiba. Tangu Februari 2014 kila mteja wetu anayetaka hupata saa moja ya jikoni kwa wiki, imeandikwa, imehesabiwa kazini, na hakuna anayecheleweshwa kwa ajili yake. Leo wateja arobaini na wawili wanaitumia. Si wote wanaoka. Mmoja anapika jamu, na mmoja anakaa tu akisimulia jinsi dada yake alivyokuwa akioka. Wafanyakazi ishirini na sita wamejifunza kutoka kwa Attracta, na somo lake la kwanza, kabla ya unga, kabla ya mtindi, ni namna ya kutoa chombo cha moto ovenini. Mimi ni mmoja wao. Mkate wangu bado unaegemea upande mmoja.

Mwaka huu kifundo cha mkono kimemwambia basi. Daktari ameupa ugonjwa jina refu. Attracta anauita kutu. Watoto wake watatu wako salama, wajukuu ni watano, na mumewe, mgongo mbovu na yote, ameahidi kujifunza kutumia mashine ya kufulia. Kubwa zaidi ni kwamba bahasha ilikuja kutoka Perth mwezi uliopita. Ndani mlikuwa na tiketi ya ndege. Mwanamke ambaye hajawahi kwenda mbali kuliko Dublin ataondoka tarehe 14 Julai, kwa wiki tano, na tayari ameshauliza kama mtindi unaruhusiwa kwenye mizigo. Hauruhusiwi, Attracta. Tumeuliza sote.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote, na ya mia mbili na kumi na saba, walio hai na waliotutangulia, tunakushukuru. Ulitufundisha kwamba mtu haogeshwi tu, anasikilizwa. Na ulinifundisha mimi kwamba barua ya onyo inaweza kuwa sahihi na bado ikakosa la maana.

Nenda salama na urudi salama. Sorcha ameandika kwamba mkate utakuwa mezani siku utakayofika, ameuoka yeye. Miaka yote umetukataza kuukata kabla haujapoa. Huko ukate tu ungali wa moto, upake siagi hadi ikutiririke vidoleni, na asitokee mtu wa kukukaripia. Maisha yako yawe mema, dada yetu, na yawe ya polepole.